Kuku Nyuma ya Sauti ya Georgine

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, umalize. Kisa hiki kina kuku ndani yake, na kila ninapokianza watu hucheka, halafu nikifika kwa hao kuku hakuna anayecheka tena. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya, na ukumbi mzima ulisikia pamoja nami. Profesa aliyekuwa mbele yetu yuko hai, bado anafundisha pale Kisangani, na ukimuuliza habari za jogoo atavua miwani, ataifuta polepole, kisha atakuomba mzungumze mambo mengine. Mimi si mtu wa kutunga. Mimi ni mwalimu.

Tena si mwalimu hivi hivi. Mimi ni mwalimu wa kwanza katika shule yetu ya Bengamisa kupata shahada ya uzamili, na ninalisema jambo hilo kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nilizaliwa Mangobo, mtaa wa Kisangani, mtoto wa fundi cherehani, nikaolewa Bengamisa, nikafundisha darasa la kwanza mpaka mvi zikaanza kuniingia, ndipo nikarudi kusoma. Nilisomea kwenye simu. Asubuhi ninawafundisha watoto herufi, jioni ninapanda nyuma ya soko, mahali pa juu ambako mtandao unafika, ninaketi juu ya gogo, nimejifunika kitenge kwa ajili ya mbu, ninasikiliza masomo ya chuo kikuu. Wapita njia walisema mwalimu amepata bwana wa simu. Niliwaacha waseme.

Sasa, masomo ya mbali yana jambo moja ambalo asiyeyapitia hawezi kulijua. Wenzako unawajua kwa sauti tu. Tulikuwa tunatumiana ujumbe wa sauti, wenyewe tunauita vocal, maana nani ana nguvu ya kuandika kwa kidole baada ya siku nzima ya chaki? Unasoma na mtu mwaka baada ya mwaka, unajua anavyokohoa, unajua akikasirika anavuta pumzi vipi, lakini akipita mbele yako sokoni hutamtambua. Georgine nilimjua hivyo. Alikuwa mwalimu kama mimi, katika kijiji kimoja cha wavuvi kwenye mto, kupita Isangi. Kwenye simu yake aliweka picha ya ua jekundu. Nilimwomba mara nyingi anitumie sura yake, akanijibu kwamba simu ilianguka majini, na tangu siku ile kamera haioni kitu.

Lakini sauti yake niliijua kuliko za dada zangu. Ilikuwa nzito kidogo, na daima ilikuwa na kicheko kilichojificha ndani. Na nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na nyumbani kwake. Alikuwa anarekodi akiwa uani, kwa hiyo kila vocal ya Georgine ilikuja na kuku. Kuku wanagombana, jogoo mmoja mwenye sauti iliyokatika katikati anawika saa zisizo zake, mtu anatwanga pondu, yale majani ya muhogo, halafu binti yake mdogo anaita, "Mama, maji imechemuka." Kila jioni maji ya mtoto yule yalichemka. Mwanzoni kelele hizo zilinikera. Baadaye nikawa sizisikii kabisa, kama wewe usivyosikia saa ya ukutani kwako. Lishike hilo, maana ndilo lililonipoteza.

Kazi ya mwisho ya masomo yetu hufanywa na watu wawili wawili. Mimi na Georgine tulichunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusoma kwa lugha wanayoisikia nyumbani. Mimi nilichukua watoto wa barabara ya Bengamisa, yeye akachukua watoto wa mtoni. Wakati wa likizo kubwa, wanafunzi wote wa mbali huitwa Kisangani, wakalala bwenini, wakasoma ana kwa ana, na mwisho wakatetea kazi zao mbele ya maprofesa. Sheria ilikuwa wazi. Kila mmoja atetee sehemu yake kwa mdomo wake mwenyewe, na mmoja asipofika, wote wawili wanarudi kwao mikono mitupu. Mimi sikuwa na nafasi ya kurudi mikono mitupu. Likizo iliyotangulia nilikuwa nimeikosa kwa sababu ya homa, na niliambiwa nikikosa tena jina langu litafutwa moja kwa moja.

Na kulikuwa na Papa. Papa yangu alikuwa amekwisha kutangaza Mangobo yote, kuanzia msikitini mpaka kwa wauza makaa, kwamba binti yake anakwenda kutetea. Amezeeka, kupitisha uzi kwenye sindano ni kazi ya nusu saa, lakini alitafuta kitenge cha kijani na kushona blauzi mbili, moja yangu na moja ya Georgine, kwa kuwa wanaotetea pamoja huvaa sare. "Papa, ulimupima wapi?" nilimuuliza. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Si ulinisikilizisha sauti yake? Mwanamuke wa sauti ile, mabega yake iko mapana." Alikata kitambaa kwa kuipima sauti. Nilicheka, lakini nilijivuna pia, maana ni mwanafunzi gani mwingine aliyekuwa na baba wa namna hiyo?

Vocal ya mwisho ya Georgine ilinifikia jioni ya kabla sijasafiri. "Yaya, usiogope," alisema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Kesho minapanda mashua. Ile sehemu yangu, batasikia na kinywa yangu miye mwenyewe. Hata kitu gani ifike, minakuya." Jogoo akawika, mtoto akasema maji imechemuka, vocal ikaisha. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho hakikunishtua mara moja. Kule mtoni mtandao huja na kuondoka utakavyo wenyewe, na mashua za pale nazo hivyo hivyo, zinasimama kila kijiji kupakia ndizi na mbuzi. Mimi nilifika Kisangani, nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kijana aliyeiendesha akaniuliza kama ninakwenda kumtembelea mtoto wangu chuoni. Nikamwambia, "Mwanafunzi ni miye." Akageuka kunitazama mpaka tukakaribia kuingia mtaroni.

Siku zile zilikuwa tamu, sikufichi. Tuliketi kwenye madawati ya chuo kikuu, watu wazima, wengine wakurugenzi wa shule, wengine mabibi kabisa, tukibishana mpaka profesa anagonga meza. Sauti zilipata sura. "Kumbe weye njo ule wa kupiga chafya?" Tulikumbatiana na watu tuliowajua kwa chafya. Jioni tulikula lituma, ndizi za kupondwa, bwenini, tukacheka kwa sauti, na nilipolala nilijisikia mrefu. Kila mmoja alimpata mwenzake wa kazi. Mimi tu ndiye niliyekaa na kiti kitupu pembeni, na blauzi ya kijani ndani ya sanduku.

Siku moja kabla ya zamu yetu, profesa aliniita kando. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulinitisha kuliko ukali.

"Mama, mwenzako iko wapi?"

"Iko njiani, Professeur."

"Zamu yenu ni kesho asubuhi. Kama hayuko, hapana kutetea. Miye sitaki kukutesa, lakini ile ni sheria ya wote."

Nilijaribu simu ya Georgine mpaka kidole kikachoka. Haikuita hata mara moja. Magharibi ilipoingia umeme ukakatika, kama kawaida yake, na wenzangu wakaenda kutafuta mishumaa. Mimi nikabaki kwenye benchi la baraza na sahani yangu ya lituma na samaki, nikaitazama tu. Nililia. Sikuililia shahada peke yake. Nilimlilia mzee mmoja wa Mangobo aliyepitisha uzi kwa nusu saa. Nani angemwambia? Angewaambia nini wale wa msikitini?

Ndipo nikasikia, "Yaya. Ni miye. Nimefika."

Niliijua sauti kabla sijageuka. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya baraza, kitenge amejifunika kichwani mpaka mabegani, na mabega yalikuwa mapana kweli, Papa hakukosea. Niliruka nimkumbatie, akarudi nyuma kidogo. "Niache kwanza, yaya, safari imenichafua," alisema. Akaketi mwisho kabisa wa benchi, mimi huku, yeye kule. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, uso wake sikuuona vizuri, lakini kwa nini ningehangaika na uso? Nilikuwa nimekaa muda wote ule bila huo uso.

Tukarudia kazi yetu mwanzo hadi mwisho, na hapo kulikuwa na kitu cha ajabu ambacho niliona na sikuona. Georgine alizungumza kama kwenye vocal. Anasema maneno yake yote kwa mkupuo, anamaliza, ananyamaza. Nikizungumza mimi, hanikatizi, haitikii, hasemi hata "mm". Anangoja nimalize, kunapita kimya kidogo, halafu jibu linakuja zima. Nikajiambia, tazama simu zilivyotuharibu, tumesahau mazungumzo ya watu wawili. Nilicheka hata. Na kuku? Kuku walikuwepo. Nakuapia walikuwepo pale barazani, wote, na jogoo wao. Lakini mimi masikio yangu yalikwisha kuzoea kwamba Georgine akisema, kuku husema naye. Je, wewe ungeshtuka?

Nilimkaribisha chakula, akasema amekula kwao. Nikamletea blauzi, nikamwambia Papa ameishona kwa kuisikiliza sauti yake. Hilo lilimfurahisha sana, kicheko chake kilitoka chote. "Ikae kwako kwanza, yaya," alisema. "Nitavaa siku ya poudre." Kwetu, anayefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na ndugu zake, akatembea mjini mweupe tangu nywele hadi kope ili kila mtu ajue, na siku hiyo tunaiita hivyo, siku ya poudre. Akasema atalala kwa ndugu zake karibu na bandari. Nikainama kuweka sahani chini, nilipoinua uso alikuwa ameondoka. Watu wa mtoni wana haraka, nilijisemea, nikaenda kulala, na nililala usingizi mnono.

Asubuhi mvua ilinyesha kweli kweli. Umeme ulikuwa haujarudi, madirisha ya ukumbi yalifungwa kwa ajili ya mvua, na ndani kulikuwa na giza kama la alfajiri. Majina yetu yaliposomwa, Georgine aliingia, akapita pembeni ya madawati, akaketi mbele. Usiniulize sura yake. Tumeulizana sana baadaye sisi tuliokuwemo. Mmoja anasema alikuwa mrefu, mweusi sana. Mwingine anasema mfupi, na ana mwanya. Mimi nakumbuka kitenge na mabega.

Nilitetea kwanza mimi. Sitajifanya mnyenyekevu, nilitetea vizuri. Niliwaeleza habari za watoto wangu wa Bengamisa mpaka profesa akatabasamu. Kisha nikaketi, akasimama Georgine.

Rafiki yangu, nimewasikia maprofesa, nimewasikia wahubiri, nimewasikia na wanasiasa wanaokuja kwetu wakati wa kura. Sijasikia mtu akisema kama alivyosema Georgine. Alieleza habari za mtoto mmoja wa kijijini kwake aliyeshindwa kusoma mwaka mzima, vitabu vyote vikimwonyesha treni na theluji. Siku moja akamwandikia ubaoni jina la samaki ambaye mama yake huenda kumvua usiku. Mtoto akalisoma bila kusaidiwa, akakimbia mpaka ukingoni mwa mto kumwambia mama yake kwamba samaki wake yuko ubaoni. Alisema hivyo, na maprofesa waliweka kalamu zao chini. Ukumbi ulikuwa umemwinamia.

Ndipo profesa akainua mkono. "Samahani, Mama," alisema. "Hizi kuku iko wapi? Mutu mumoja afukuze kuku, tusikie muzuri."

Mwenzetu mmoja wa karibu na mlango alifungua, akachungulia. Nje ilikuwa mvua tu, ua mzima maji. "Hapana kuku, Professeur," alisema. Georgine alikuwa amenyamaza, anangoja, na kwa muda ule wote hatukusikia kitu ila mvua juu ya mabati. Kisha akafungua kinywa kuendelea. Na kuku wakaanza.

Hapo ndipo masikio yangu yalizibuka. Nilimsikia jogoo wa sauti iliyokatika. Nilisikia mchi unatwanga. Georgine akivuta pumzi, wananyamaza. Akisema, wanarudi. Sauti hizo hazikutoka mlangoni wala dirishani. Zilitoka pale aliposimama, nyuma tu ya sauti yake, mahali zilipokuwa siku zote. Watu wakaanza kutazamana. Halafu kila aliyekuwa ukumbini akasikia, waziwazi, sauti ya mtoto wa kike: "Mama, maji imechemuka."

Hakukuwa na mtoto ukumbini mle. Profesa alivua miwani yake.

Niliogopa, sikatai. Nilijua kwamba nikipiga yowe moja tu, ukumbi wote utakimbilia mlangoni na kazi yetu itabaki pale sakafuni. Na nilijua kitu kingine, ingawa hakuna aliyekuwa ameniambia, kwamba mwenzangu hakuja kwa mashua. Sasa ungefanya nini wewe? Mimi nilimtazama Georgine amesimama wima mbele ya maprofesa, anaeleza habari za watoto wake bila kutetemeka, na nikasikia kujivuna kunapanda juu ya woga. Huyu alikuwa mwenzangu. Alisema atafika, akafika. Nikainuka kutoka kwenye kiti changu, nikaenda kusimama karibu naye, karibu kabisa, ili kila mtu aone tuko wawili. Pale karibu naye palikuwa na harufu ya moshi wa kuni, ya jiko la mtu. Hakuna aliyekimbia.

Profesa alimuuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo. Aliuliza kama wazazi wasiojua kusoma wanaweza kumsaidia mtoto kusoma. Kimya kidogo kikapita, kama kawaida yake. Halafu jibu likaja zima, na kuku wake, na mchi wake: "Mama hajue kusoma, Professeur, lakini yeye njo anajua majina ya vitu. Sisi walimu tuombe kwake yale majina." Kisha akasema, "Nimemaliza."

Profesa alisimama. Sijui kama ilikuwa heshima au hofu. Ukumbi wote ukasimama naye.

Georgine alinigeukia mimi na kuniambia polepole, "Yaya, tumefaulu. Sasa minaenda, mutoto ananiita." Akapita pembeni ya madawati, akatoka. Nilimfuata mbio. Barazani hapakuwa na mtu, na yule mwenzetu aliyekaa mlangoni ananiapia mpaka leo kwamba aliyemwona akitoka ni mimi tu. Nilisimama pale, mvua ikinirushia maji, nikaita jina lake. Kuku hata mmoja hakujibu.

Siku ya kutangaza matokeo jua lilikuwa kali. Papa alikuja na kofia yake ya ibada na kopo la poda kwapani. Watu walikuwa wamejaa uani, ngoma zimeanza, ndipo akaingia mwanaume mmoja aliyevaa nguo nyeusi, amemshika mkono mtoto wa kike. Aliuliza profesa ni nani, akaonyeshwa. Nilikuwa karibu, nikasikia neno kwa neno.

"Miye ni bwana ya Georgine," alisema. "Nimekuya kuomba musamaha kwenu, na kwa ule yaya yake wa Bengamisa, juu hakufika. Mashua yao iligonga kisiki, ikazama kabla ya Yanonge. Wengine baliokolewa. Yeye, tulimutafuta. Familia ilikatala tutangaze matanga kama hatuyaona mwili, njo maana habari haikutoka. Tulimupata ile asubuhi ya mvua kubwa."

Profesa aliketi kwenye ngazi, pale pale vumbini, na suti yake.

"Papa," alimwambia yule mwanaume, "bibi yako alifika."

Yule bwana alimtazama, kisha akatutazama sisi tuliokuwa tumesimama, mmoja mmoja. Nikamwambia, "Yaya yake ni miye. Alifika. Alitetea sehemu yake yote."

Nilidhani atakasirika, atasema tunamfanyia mchezo mtu mwenye msiba. Hakubisha. Watu wa mtoni, ukiwaambia kitu namna hiyo kwa macho makavu, wanajua kama unasema kweli. Aliuliza jambo moja tu: "Alisema muzuri?"

"Alisema kupita sisi wote."

Ndipo alipolia. Alilia na huku anatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayesikia jambo alilolijua siku nyingi.

Majina yetu yalisomwa pamoja, na alama za juu kabisa za kundi zima. Sijui maprofesa waliandikaje yale waliyoyaandika, hiyo ni kazi yao, najua tu kwamba profesa alisema mbele ya wote, "Miye ninatoa alama kwa kile nilisikia." Papa alitoa blauzi ya pili kwenye sanduku, akaitandaza juu ya mgongo wa kiti, akaivuta mabega yakae sawa. Akanimwagia mimi poda. Kisha akampa kopo yule bwana, na yule bwana akaimwagia ile blauzi ya kijani poda mpaka ikawa nyeupe, polepole, bila kupoteza hata kidogo. Papa, mtu wa msikiti, alimwombea dua mwanamke Mkristo ambaye hakuwahi kumwona. Ngoma zilinyamaza zenyewe.

Wakanitaka niseme neno kwa niaba yetu wawili. Nilikuwa nimelitayarisha tangu nyumbani, neno la kujisifu, najijua. Nikafungua kinywa nikasema, "Ndugu zangu, mimi na mwenzangu," na nyuma ya sauti yangu nikawasikia. Kuku. Jogoo wa sauti iliyokatika. Mchi.

Mtoto wa Georgine aliuachia mkono wa baba yake. Alikuja mpaka mbele yangu, akainua uso akisikiliza, wala hakuogopa. "Papa," alisema, "kuku yetu."

Nikaendelea kusema. Nilisema muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu mtoto alikuwa amesimama pale na hakutaka nimalize.

Hayo yamebaki nami mpaka leo. Sifugi kuku, bwana wangu hawataki kwa sababu ya bustani yake. Lakini kila mtu ninayemtumia vocal ananiuliza, "Mwalimu, umeanza kufuga?" Wakaguzi wa shule wameniuliza. Wanangu wakinipigia kutoka Kisangani husema, "Mama, ondoka karibu na banda la kuku." Mara chache, jioni, wananiambia kuna mtu anatwanga. Yule mtoto sasa anasoma, anaandika, na jioni za Jumapili ananitumia vocal yeye mwenyewe, akiniomba nimsomee chochote, hata habari za herufi, ili mradi niseme. Ninamsomea. Mganga mmoja alijitolea kunitoa hao kuku, nikamwambia aende zake. Ni wangu. Nimekabidhiwa na msomi.

Kwa hiyo wewe unayesoma kwa simu, na mnaongezeka kila mwaka, nisikilize vizuri. Usimzoee mwenzako mpaka ukaacha kusikia kilicho nyuma ya sauti yake. Jua nyumbani kwake kunaliaje, mjue mtoto wake, mjue jogoo wake. Na siku mtakapokutana uso kwa uso, kabla hujafurahi, nyamaza kwanza usikilize. Ukisikia kimya nyuma yake, mkumbatie, mle pamoja. Ukisikia nyumbani kwao bado kunazungumza, usimguse, usipige yowe, usimuulize amekuja na nini. Simama karibu naye, na umwache amalize.